Matembele Juu ya Shimo

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ni ile niliyoandika jina langu chini ya karatasi ya kiwanja kisichokuwa changu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na herufi L ya mwanzo wa jina langu, Léonard, nilikuwa naizungushia mkia mrefu ili watu wajue nimesoma. Siku ile niliuzungusha vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Naandika kwenye daftari la mjukuu wangu, kurasa zilizobaki tupu. Sikusoma sana, niliishia mwaka wa sita wa shule ya msingi. Nikiandika leo, kesho nasoma na kuona nimejipendelea. Kurasa mbili nimeshazichana. Kama na hapa nimejipendelea, unisamehe, na upunguze mwenyewe utakapoona panazidi.

Unajua namna sisi wa Likasi tunavyojenga. Udongo wetu mzuri ni ule wa kichuguu. Zamani vilikuwepo vichuguu virefu kuliko nyumba, udongo wake umetafunwa na mchwa mpaka ukawa laini kama unga. Ukiushika unashikana, ukiuchoma hautoi ufa. Mtu akitaka matofali haendi mbali: anakikata kichuguu cha kiwanjani mwake, anafyatua, anaanika, anachoma. Kichuguu kinaisha, nyumba inasimama. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza kichuguu kinapofika usawa wa ardhi na tamaa ikaendelea kushuka, kwa maana udongo mzuri unaendelea chini.

Mimi na kaka yangu mkubwa, Selestini, ambaye kwa desturi yetu nilimwita Yaya, tulishuka nao. Baba alimwachia Yaya kiwanja chenye kichuguu upande wa Kikula, na mimi akaniachia kipande cha jirani, chenye chumba nilichokuwa nalala. Misimu mitatu ya kiangazi tulikata na kufyatua. Mwishoni nilikuwa nasimama chini, nanyoosha jembe juu ya kichwa, na ncha yake haifiki ukingoni. Kisha Yaya akapata kazi nyingine, shimo likabaki wazi. Na shimo lililo wazi mjini halikai bila kulishwa. Kila jirani alileta chake: majivu, maganda ya mihogo, makopo, mifupa, matambara, godoro lililooza. Hatukumkataza mtu. Hata mimi nilitupa humo kibao changu cha kufyatulia, kile kisanduku cha mbao cha kutia udongo, kilipovunjika ubavu mmoja, kibao nilichokichoma alama ya L kwa chuma cha moto.

Halafu mji ukaanza kujaa. Watu walitoka Kakanda, walitoka vijijini, kila mmoja anatafuta pa kuweka kichwa. Yaya akasikia wanauliza viwanja upande wetu. Akanijia asubuhi moja na matawi begani.

"Leo, tupendezeshe kidogo hii fasi," aliniambia. Leo ni jina langu lililofupishwa, na fasi ni mahali.

Nataka kuwa wa haki kwake, kwa sababu amekufa na hawezi kujibu. Hakusema tudanganye. Alisema tupendezeshe. Na mimi niliyekuwa nakula kwake, nikavaa kwake, sikumwuliza tofauti ya maneno hayo mawili. Tuliweka matawi juu ya takataka, juu ya matawi udongo mwekundu, shubiri tatu hivi, labda nne. Tukamwagia maji, tukakanyaga kwa miguu huku tunaimba. Yaya akaleta miche ya viazi vitamu, tukapanda. Mvua tatu tu, na matembele yakafunika pote. Ungepita pale ungesema bustani ya mapadri.

Aliyekuja kununua aliitwa Papa Anselme. Alikuwa mtu wa tanuru la kiwanda, mpole, rozari yake ilikuwa mfukoni mwa nguo za kazi pamoja na kipande cha sabuni. Alikuwa anaishi na mke na watoto katika nyumba ya kiwanda, na alitaka kabla hajazeeka wawe na pa kwao. Alizunguka kiwanja mara mbili, akainama, akashika udongo, akaunusa. Lakini alishika ule wa juu. Nani anayeshika wa chini?

Kwetu kiwanja hakiuzwi bila jirani. Muuzaji atasema lake, mnunuzi lake, lakini jirani ndiye macho ya udongo. Ameona mvua inapita wapi, ameona kilichozikwa na kilichochimbwa. Kwa hiyo mbele ya shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, jirani anaulizwa, anajibu, anaandika jina, na baadaye anapewa chupa yake ya kunywa. Jirani nilikuwa mimi.

Papa Anselme alinigeukia barazani kwa shefu. "Weye mutoto wa hapa, unaniambia kweli. Hii udongo iko namna gani?"

Nilimwona Yaya anatazama viatu vyake. Nikasema, "Papa, ulizeni matembele! Hayo njo yanajua. Kama yaliona udongo mubaya, yangenona vile?"

Watu wakacheka. Shefu alicheka mpaka muhuri ukamponyoka. Papa Anselme naye akacheka, akanipiga begani, akasema, "Uyu mutoto ana maneno." Kisha kalamu ikaja kwangu.

Mara nyingi nimejitetea hapa. Najiambia: sikusema uongo, nilisema matembele yamenona, na kweli yalikuwa yamenona. Lakini, mwanangu, mtu anaweza kudanganya kwa neno la kweli, na uongo wa namna hiyo unadumu, maana hauna pa kukamatwa. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunja nyumba.

Na nyumba yenyewe, sikia: Papa Anselme alinunua matofali kwetu. Matofali yaleyale tuliyoyatoa pale. Udongo uliotoka chini ukapandishwa juu, na chini pakabaki godoro na makopo.

Walihamia, na mwaka uleule akaja kwao Nkambo Feli, yaani Bibi Feli, mama mzazi wa mke wa Papa Anselme, mjane kutoka upande wa Kakanda. Félicité lilikuwa jina lake la ubatizo. Mwembamba, jicho moja lina ukungu, anapenda kuchokoza watu. Alipewa chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma kilikuwa juu ya shimo, katikati kabisa. Nilimwona akiingiza kitanda chake, nikamsaidia kukibeba.

Matembele yaliyobaki kando ya ukuta alikuwa anayachuma, anayapika, ananiita juu ya ua: "Weye wa L, kuja kula! Bibi ya kuoa utapata wapi na zile mbavu?" Nilikuwa nakwenda. Nilikula bukari, ugali wetu, kwa mboga ileile niliyoisifia, na ilikuwa na ladha. Naandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisaidia.

Misimu miwili ya mvua ilipita salama. Wa tatu, mji ulipasua barabara juu yetu na kuchimba mfereji wa maji. Mfereji ule haukufikishwa mtoni. Uliishia juu ya kartie yetu, sijui kwa nini, na maji yote ya mtelemko yakawa yanatapika viwanjani. Nalisema hili kwa haki: bila mfereji ule, pengine nyumba ingesimama miaka mingine kumi. Lakini maji hayatengenezi shimo kwa siku moja. Yanatafuta lililopo.

Ufa ulianza jikoni. Kwanza ni mstari kama unywele, baadaye kidole kinaingia. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Papa Anselme aliuziba mara tatu kwa saruji, maskini, mara tatu ukafunguka, maana ugonjwa haukuwa ukutani. Mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Na Nkambo Feli akaanza kusema neno lililomponza.

"Mvula ikinyesha," alisema akiwa kisimani, mbele ya wanawake, "nasikia udongo iko nakula. Chini ya kitanda. Iko natafuna sawa mbuzi."

Alisikia kweli, mwanangu. Yalikuwa maji yanapita katika makopo na matawi yaliyooza. Kati ya watu wote wa kartie yeye peke yake alisikia kinachokuja, na akasema. Lakini wanawake walitazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Anajua namna gani kama udongo iko nakula? Ao yeye njo anailisha?"

Jumapili moja, watu wako misani, chumba cha nyuma kikashuka. Nilikuwa nyumbani. Sikusikia mshindo, nilisikia kama mtu anavuta pumzi ndefu. Nilipotoka, ukuta wa nyuma ulikuwa umelala, na sakafu haipo. Nkambo Feli alikuwa amesimama uani na ufagio mkononi. Alikuwa ametoka kufagia mlangoni. Kitanda chake kilikuwa chini, miguu juu.

Badala ya kumshukuru Mungu, watu walianza kuuliza kwa nini amepona.

Ua ulijaa kabla Papa Anselme hajarudi. Waliotoka misani walikuwepo, waliotoka kwenye maombi ya kilokole walikuwepo, wa dini yoyote na wasio na dini. Sitaki kuwasingizia wa upande mmoja. Mwanamke wa kwanza kumletea bibi kiti na maji alikuwa mlokole. Na wa kwanza kupaza sauti alikuwa Mkatoliki mwenzangu.

"Nyumba mupya! Matofali ya muzuri! Inazama namna gani?"

"Na yeye anatoka sawa ametoka ku soko!"

Vijana wakashuka shimoni kutoa kitanda. Wakatoa na vingine: mifupa, matambara yaliyofungwa mafundo, nywele, makopo. Kila kitu kilichotoka, ua ulipiga kelele. Kisha kijana mmoja akainua kitu cha mbao, kirefu, chenye matope, ubavu mmoja haupo.

"Sanduku ya maiti! Kadogo! Angalieni, hata iko na alama!"

Kilikuwa kibao changu. Alama ilikuwa L yangu.

Mzee mmoja akasema polepole, "Haiko kibao ya matofali, hii?" Akajibiwa papo hapo, "Matofali gani, papa, chini ya kitanda ya nkambo? Weye unafyatulia mu ndoto?" Watu wakacheka kicheko kile cha watu wenye hofu, na mzee akarudi nyuma.

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwa kijana yule. Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa machache: kibao ni changu, palikuwa na shimo, tulilifukia sisi. Yaya Selestini alikuwa ng'ambo ya ua. Hakunikataza. Alinitazama tu, na nyuma yake alisimama mke wake na mtoto mgongoni.

Nkambo Feli naye alinitafuta kwa jicho lake moja zima. Akauliza, na ua mzima ukasikia:

"Leo, mutoto yangu. Weye njo ulikuwa unafanya matofali hapa. Waambie. Hapa kulikuwa nini?"

Nikasema, "Sijue, Nkambo."

Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu kukumbuka kama kulikuwa na neno lingine baada ya hapo, hata la kumwonea huruma. Halikuwepo.

Alishusha ufagio chini. Kisha akasema, si kwa hasira, "Hata matembele umesahau?" Akakaa kwenye kiti alicholetewa.

Papa Anselme alikuwa mtu mwema, lakini mtu mwema mwenye hofu anaweza kufanya kazi ya mtu mbaya. Watoto wake walikuwa wanalia, majirani wanamwambia mulozi, yaani mchawi, akilala hapa leo, kesho nyumba nyingine inazama. Kabla jua halijatua alimpandisha mama mkwe wake kwenye kamioni ya kwenda Kakanda, kwa mtoto wake wa kiume, na furushi moja. Watoto wa kartie walikimbia nyuma ya gari wakiimba jina hilo baya. Mimi nilisaidia kubeba furushi. Tena nilibeba.

Asubuhi ya Jumatatu Papa Kasongo alibisha mlangoni kwangu. Huyu ndiye yule mzee aliyeuliza juu ya kibao, wa nyumba ya tatu, maisha yake yote aliyatumia ndani ya mine, yaani mgodini, kazi yake kuweka miti ya kuzuia paa lisianguke. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi akipumua. Mkono mmoja alikuwa na mtarimbo, mwingine na kibao changu, amekiosha.

"Vaa viatu," aliniambia.

Tulikwenda uani kwa Papa Anselme. Mzee akaanza kugonga ardhi kwa mtarimbo, hatua kwa hatua, kama walivyokuwa wanagonga paa la mine kabla ya kuanza kazi. Mahali pazima palijibu ti, ti, chuma kinaimba mkononi. Kisha akapiga hatua moja, na ardhi ikajibu bu, kama tumbo la mgonjwa. Akarudi: ti. Akaendelea: bu. Akazunguka hivyo mpaka amechora kwa ncha ya chuma duara lote kuzunguka chumba kilichoanguka.

"Uliisha kuona buloji yenye kuchora duara ya kichuguu?" aliniuliza. Buloji ni huo uchawi wa mulozi. "Jana nilisema haya. Balicheka, balisema wazee banakingana. Nikisema mara ya pili, kesho ni minye, mimi Kasongo, batapandisha kamioni. Lakini weye, jina yako iko ku karatasi."

Nikaanza kusema habari ya Yaya, ya mfereji, ya majirani waliotupa takataka. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa heshima hiyo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba kuliko furushi lile:

"Mu mine, ule anayetoka ku kazi anaambia ule anayeingia: kule paa inalia vibaya, usipite. Hata kama ni adui yake. Hata kama bamegombana juu ya mwanamuke. Anamwambia. Kama hakusema, na jiwe ikaua muntu, sisi hatuulizi jiwe."

Akaniwekea kibao mikononi. "Enda Kakanda."

Sikuenda siku hiyo. Wala wiki hiyo. Kwanza mvua, baadaye kamioni imeharibika, baadaye Yaya aliniambia, "Ukisema, shefu atatutia bote wawili mu buloko, mu kifungo, na batoto yangu batakula ku nani?" Yalikuwa maneno ya kweli. Maneno ya kweli ndiyo yanayomzuia mtu vizuri zaidi. Nilikwenda mvua zilipokwisha.

Nilimkuta Nkambo Feli nyuma ya nyumba ya mtoto wake, anachambua maharage kwenye ungo, amekonda. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, kuanzia matawi mpaka kibao. Alitoa mawe madogo kwenye maharage, akayatupa moja moja.

Mwisho akasema, "Asante ya kusema. Lakini, Leo, minye nilikuwa najua siko mulozi. Haukuniletea habari mupya." Akapepeta ungo. "Ile barabara njo haijue. Enda uwaambie bale."

Akanilisha. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha au ni desturi tu ya kumpa mgeni chakula.

Nilirudi Likasi. Na hapa, mwanangu, ndipo kosa langu kubwa lilipo. Shimo lilikuwa la Yaya pia, mfereji ulikuwa wa wenye mji, lakini hili ni langu peke yangu. Sikuiambia barabara. Nilimwambia Papa Anselme peke yake, chumbani, mlango umefungwa, sauti ya chini. Alilia. Kisha akasema, "Sasa nitaambia nani? Minye njo nilimupandisha." Nikaona kwamba ukimya unamfaa na yeye. Tukaachana hivyo, wanaume wawili wenye siri moja. Alikwenda kumchukua mama mkwe wake, lakini bibi akakataa kurudi. Alisema hatalala mtaa ambao watoto wanamwimba. Alifia Kakanda baada ya miaka minne. Papa Anselme alihamisha familia, akaacha kuta. Papa Kasongo alikuwa ameshatangulia. Pakabaki magofu, na magofu yakapewa jina: Kwa Mulozi. Hata dereva wa pikipiki ukimwambia unishushe Kwa Mulozi, anajua.

Bibi yule alitukanwa uwanjani, mimi nikaomba radhi chumbani. Mizani haikukaa sawa, na nilijua haikukaa sawa, na nikaoa, nikazaa, nikazeeka.

Mwaka huu, baada ya mvua, mtoto wa marehemu Yaya, anaitwa Dido, alinijia na karatasi. Kiwanja kilirudi kwao, sijui kwa njia gani, na amekifukia kwa vifusi, amekisawazisha, kimekuwa uwanja safi. Leo mji umebanana, watu wanachimba hata chini ya barabara kutafuta madini, na mtu anayepata kipande cha ardhi hakiulizi historia yake. Wanunuzi walikuwa mke na mume vijana, mke anashona nguo, ana mimba.

"Papa Leo, ni signature tu," Dido aliniambia. "Weye njo jirani wa zamani. Soda iko baridi."

Nilikwenda. Nilichukua kibao changu, nilikuwa nimekihifadhi chini ya kitanda miaka yote. Nilichukua na mtarimbo. Mbele ya shefu wa sasa, kijana ambaye angekuwa mjukuu wangu, na mbele ya watu kumi na zaidi, niliulizwa udongo ukoje. Nikaweka kibao juu ya meza, juu ya karatasi.

"Hii ni nini tena?" Dido akauliza.

Nikasema. Safari hii nilisema kwa sauti, nimesimama. Palikuwa na kichuguu, tukachimba chini yake, tukajaza takataka, tukapanda matembele. Mimi niliandika jina. Nyumba ilipozama alisingiziwa Félicité, na hakuwa mulozi, alikuwa bibi aliyesikia maji. Nikawapeleka kiwanjani, magoti yananiuma, nikagonga: ti, ti, bu. Vifusi vya Dido vilijibu vibaya kuliko takataka zetu.

Ungetegemea nini? Mtu mmoja nyuma akasema, "Muzee ameanza kurudi ku utoto." Mwingine akacheka. Dido aliondoka bila kuniaga, na tangu siku hiyo hapiti kwangu. Watoto wake ninaowapenda hawaji kula. Simlaumu sana: ana deni la shule ya watoto, na alichofanya yeye alikifanya baba yake, na nilikisaini mimi. Mume wa yule mshonaji alikunja karatasi akaondoka na hasira, kama mimi ndiye niliyemnyang'anya nyumba. Mke alibaki nyuma kidogo. Akaniuliza, "Jina yake ulisema nani, ule nkambo?" Nikamrudia: Félicité. Akalitamka mara moja, akamfuata mume wake.

Hiyo ndiyo faida yote niliyopata. Jana dereva wa pikipiki aliniuliza tena, "Muzee, nikushushe Kwa Mulozi?" Nikamwambia pale paitwe Kwa Félicité. Akasema, "Hiyo siijue."

Sina hakika, mwanangu, kama nilisema kwa ajili yake au kwa ajili ya usingizi wangu. Pengine ukurasa huu nao ningeuchana. Lakini nitauacha, kwa kuwa wewe utanunua ardhi siku moja, au utaulizwa habari ya ardhi.

Basi sikia. Ukitoa udongo mahali, umeacha kitu pale hata ukikifunika. Usijenge juu ya shimo ulilolijaza takataka, na usimwache mwingine ajenge. Usinuse udongo wa juu ukaridhika, gonga, chimba kidogo, uliza mzee aliyekaa hapo kabla ya barabara. Ukiitwa kuwa shahidi, kumbuka kwamba wewe ndiye unayetoka kazini na yeye ndiye anayeingia: mwambie paa linalia wapi, hata kama aliyekualika ni kaka yako na chakula chako kinatoka kwake. Nyumba ikianguka, usitafute mwanamke mzee, tafuta maji yalipopita. Na ukikosa mbele ya watu, tubu mbele ya watu, mapema, wakati aliyekosewa bado ana masikio. Mimi nilichelewa, na majuto yangu yamekuwa mjukuu asiyeondoka nyumbani.

Mungu akupe mahali pazima pa kuweka kitanda. Mvua ikunyeshee na ipite zake. Jirani yako akuambie ukweli hata ukikasirika, na wewe umwambie. Na popote utakapogonga chuma chako kabla ya kujenga, ardhi ikujibu ti, mwanangu, ti, mpaka chuma kiimbe mkononi.